Kijana wa Bunia, usiuze ng'ombe ununue mashine ya dhahabu

Katika simu za vijana wetu hapa Bunia kuna aina moja ya video ambayo haichoshi kutazama. Mzungu mwenye kofia pana, au Mwarabu aliyefunga kilemba, anatembea peke yake katika korongo kavu la jangwa. Mkononi ameshika fimbo yenye kitu cha duara chini, kama sahani. Fimbo inalia. Mtu anapiga magoti, anachimba kwa kijembe kidogo, kina cha kiganja tu, na anainua kitonge cha manjano mbele ya kamera. Hakuna shimo la mita ishirini, hakuna motopompi, hakuna PDG anayedai mafuta yake, hakuna mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabara.

Naelewa kwa nini video hizo zinapendwa kwetu. Mwezi wa tatu 2025 bei ya dhahabu duniani ilipita dola 3,000 kwa aunsi moja. Mwezi wa kumi mwaka huohuo ikapita 4,000. Aunsi ni gramu 31.1. Piga hesabu: kwa bei hiyo gramu moja ni karibu dola 128, na tola moja, ile gramu 11.66 ambayo wanunuzi wetu wanaijua vizuri, ni karibu dola 1,500. Kijana aliyemaliza shule, hana kazi, na shamba la baba yake liko Djugu mahali asipoweza kulala, akisikia hesabu hiyo ataacha kusikiliza mengine. Na sasa wako wanaoulizana namna ya kupata hiyo mashine: mmoja auze ng'ombe, mwingine kipande cha ardhi cha familia, watatu wakope.

Mimi nasema wasifanye hivyo. Mashine ni ya kweli, na video nyingi huenda ni za kweli pia. Lakini ilitengenezwa kwa ardhi isiyofanana na yetu, na inajibu swali ambalo Ituri haijauliza. Dhahabu iko wapi, hilo tunalijua tangu wakati wa mababu.

Tuanze na mashine yenyewe, tuitendee haki. Ndani ya ile sahani kuna waya uliozungushwa. Umeme wa betri ukipita humo unatoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikutana na kipande cha chuma, shaba, risasi au dhahabu, kipande hicho nacho kinarudisha nguvu ndogo, na mashine inaigeuza kuwa sauti sikioni. Ni hayo tu. Haioni dhahabu. Inasikia kwamba kuna kitu cha metali, na kadiri kitu kilivyo kidogo na kilivyo mbali chini, ndivyo sauti inavyofifia mpaka inapotea. Punje ya nusu gramu ikiwa imezama zaidi ya urefu wa mkono, usitegemee kitu. Vumbi la dhahabu, hata likiwa jingi, mashine inapita juu yake kimya.

Sasa jangwa. Kule mvua inanyesha mara chache, lakini ikija inakuja kwa hasira: maji yanashuka kwenye makorongo siku moja, kisha panakauka mwaka mzima au zaidi. Upepo unachukua mchanga mwepesi. Dhahabu, ambayo ni nzito mara kumi na tisa kuliko maji, inabaki nyuma, inakaa kwenye nyufa za mwamba, mara nyingi karibu kabisa na uso wa ardhi. Hakuna majani, hakuna mizizi, hakuna shamba la mtu, hakuna vifuniko vya chupa. Wamisri wa kale walilijua hilo bila betri: ramani yao ya mafunjo, iliyochorwa karibu mwaka 1150 kabla ya Kristo na ambayo leo iko Turin, Italia, inaonyesha milima ya dhahabu kando ya korongo kavu la Wadi Hammamat.

Kwa hiyo mashine zilipoingia kwa wingi Sudan, kuanzia karibu mwaka 2009, zilikuta ardhi inayozifaa. Sudan Kusini ilipojitenga mwezi wa saba 2011 na kuondoka na karibu robo tatu ya mafuta ya petroli, Khartoum ikaikumbatia dhahabu ili ipate dola. Homa ikaenea: Tibesti kule Chad, kisha Djado kaskazini mwa Niger mwaka 2014. Watu walitajirika, sitaki kudanganya mtu. Alfajiri unatoka na deni, jioni unarudi na gari.

Ila video haionyeshi kilichofuata. Mwaka 2012 dhahabu ilipatikana Jebel Amir, Darfur ya Kaskazini. Mwezi wa kwanza 2013 vita vikalipuka kati ya Beni Hussein, wenye ardhi, na wafugaji wa Rizeigat, na mamia ya watu wakauawa. Miaka michache baadaye machimbo hayo yakawa mikononi mwa kikosi cha Hemedti, RSF, kilekile kinachopigana na jeshi la Sudan tangu 15 Aprili 2023. Kule Kouri Bougoudi, mpakani mwa Chad na Libya, mwezi wa tano 2022 wachimbaji walipigana wao kwa wao, na serikali ya Chad yenyewe ilisema waliokufa walikuwa karibu mia moja. Mashine ilifupisha kazi ya kutafuta. Kazi ya kunyang'anyana ikafupika pia.

Msomaji wa Ituri hahitaji kuelezwa zaidi. Mongbwalu ilipogombaniwa na makundi yenye silaha, shirika la Human Rights Watch lilihesabu raia wasiopungua 2,000 waliouawa kati ya mwezi wa sita 2002 na mwezi wa tisa 2004, katika mji mmoja na vijiji vyake. Wakati huo hakuna aliyehitaji fimbo inayolia.

Turudi basi kwenye udongo wetu. Mtu aliyewahi kufika Nizi, Bambu, Kobu au Mongbwalu anajua dhahabu ya hapa inavyotoka. Ile ya mtoni iko kwenye changarawe chini ya mita kadhaa za udongo na matope. Unaondoa kwanza mlima wa udongo ndipo unafika kwenye changarawe yenyewe, unaosha, na mwisho wa siku unabaki na kitu kama unga kwenye karai. Ile ya mwambani imechanganyika na jiwe kiasi kwamba lazima jiwe lisagwe, kisha wengi wanaweka zebaki ili kuikusanya, na zebaki hiyo inawaharibu mapafu na mishipa wao pamoja na watoto wanaopikiwa chakula karibu na moto huohuo. Hata Kibali, kule Watsa, mojawapo ya migodi mikubwa ya dhahabu Afrika, inahesabu gramu chache tu kwa kila tani ya mwamba. Wanajua zilipo kwa kutoboa ardhi kwa mitambo na kupima mawe maabara.

Hapa fimbo yako itasikia nini? Kwanza itasikia udongo wenyewe. Ardhi yetu nyekundu ni nyekundu kwa sababu ya chuma kilichomo, na mawe ya chuma yaliyotapakaa juu yake yanaifanya mashine ya bei nafuu ilie ovyo mpaka uitupe. Ziko mashine zilizoundwa kushinda udongo wa namna hiyo, nyingi zikitoka Australia, ambako ardhi ni nyekundu kama yetu. Lakini tazama bei: ile kubwa ya kampuni ya Minelab, GPZ 7000, ilipotoka mwaka 2015 ilikuwa karibu dola 10,000. Ndiyo maana soko la Afrika likajaa bandia. Kampuni hiyohiyo ililalamika hadharani kwamba mashine za kuigiza zilizotengenezwa China zilivuruga biashara yake barani kwetu. Kama wenye kiwanda walishindwa kuzizuia, wewe unayeletewa mfuko na mtu wa Kampala utatofautishaje?

Pili itasikia chuma cha historia. Kilo ilianza kuchimbwa mwaka 1905. Zaidi ya miaka mia ya misumari, reli, makopo, mabati na vipande vya mashine za Kilo-Moto vimezikwa kwenye mabonde haya.

Na tatu itasikia vita. Jambo hili linaninyima usingizi kuliko pesa. Tangu 1999 mpaka 2003, na tena tangu mwisho wa 2017, Djugu, Irumu na sehemu za Mahagi na Mambasa zimepigwa kwa kila aina ya silaha. Maganda ya risasi yako kila mahali. Mabomu ya mkono na makombora ambayo hayakulipuka yapo pia, na watu wa UNMAS wamekuwa wakifundisha watoto wetu shuleni: ukiona kitu usichokijua, usikiguse, toa habari. Sasa fikiria kijana aliyelipa deni kubwa kwa mashine, amezunguka siku tatu bila kitu, na ghafla fimbo inalia kwa nguvu chini ya kichaka. Mashine italia kwa kopo la sardini. Italia kwa ganda la risasi. Italia vilevile, tena vizuri zaidi, kwa bomu. Naye ameshika jembe, na moyo unamwambia leo ni leo. Jangwani anayekosea anachimbua kifuniko cha chupa.

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi. Mashine hii inataka ardhi wazi, isiyo na watu wa kuuliza maswali. Ardhi ya namna hiyo katika Ituri ni ipi? Ni mashamba ya waliokimbia. Ni viwanja vya watu waliolala chini ya maturubai Kigonze hapa mjini na katika kambi nyingine za Djugu, ambao kila msimu wanauliza lini watarudi. Mtu akipita humo na fimbo, akachimba vishimo mia, akapata au akakosa, mwenye shamba akirudi atakuta nini? Na atasema ni nani aliyechimba? Hatasema ni kijana fulani mwenye njaa. Atataja kabila. Ugomvi wetu wa miaka yote hii umezaliwa kwenye mipaka ya mashamba, na sitaki kuona tunaleta chombo kipya cha kuuchokoza kwa ajili ya nusu gramu.

Wapo watakaoniambia: basi tuwaachie Wachina peke yao? Hasira hiyo naielewa. Kando ya mto Ituri, upande wa Mambasa, watu wanaona mitambo ikigeuza mto kuwa tope, na ubishi juu ya machimbo ya Muchacha, kama yako ndani ya Hifadhi ya Okapi au nje yake, umefika mbali hadi magazeti ya nje. Mwenye fimbo moja anajiona mdogo na asiye na hatia mbele ya hayo, na ni kweli. Lakini hiyo ni hoja ya kuwadai wakubwa hesabu. Haimwambii mtu auze ng'ombe.

Nilisema dhahabu iko wapi tunajua. Waaustralia wawili waliipata kwenye mto Agola mwaka 1903, wakiitumikia serikali ya Leopold; baada yao babu zetu walichimba kwa kulazimishwa, machifu wakiamriwa kutoa watu na chakula. Mwaka 1926 ikawa kampuni ya Kilo-Moto, 1966 ikawa OKIMO, leo ni SOKIMO. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mobutu aliruhusu raia wachimbe, na tangu hapo vizazi viwili vimeishi humo mashimoni. Hakuna kilima cha Djugu ambacho hakijanuswa. Kinachotushinda ni kuijua dhahabu ikishatoka: nani ameipima, kwa mizani gani, kwa bei gani, na ilipita mpaka gani.

Mfuate mchimbaji. Kabla hajashuka shimoni ameshakopeshwa chakula, mafuta na mipira ya motopompi na PDG, ambaye naye amekopeshwa na mnunuzi wa senta, ambaye naye ana bwana wake hapa Bunia. Dhahabu ikitoka inarudi njia hiyohiyo, na kila mlango inapopita bei inapangwa na mwenye deni. Kuna mahali inapimwa kwa vijiti vya kiberiti na sarafu za zamani. Mchimbaji akiambiwa bei ya dunia imeshuka leo, atabisha kwa kipi? Kisha inavuka kwenda Uganda, nchi ambayo dhahabu imekuwa ya kwanza katika mauzo yake ya nje bila kuwa na migodi ya kulingana na mauzo hayo. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimelisema hili mwaka baada ya mwaka mpaka limekuwa kama wimbo wa kanisani.

Hata korti ya dunia imelisikia. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa yaliyofanyika wakati jeshi lake lilipokuwa kwetu. Ndani ya hizo, milioni 60 ni kwa ajili ya mali ya asili, dhahabu ikiwa mbele. Milioni 60, kwa miaka yote ile! Kwa bei ya dola 4,000, hiyo haifiki hata nusu tani ya dhahabu.

Ukileta mashine katika mnyororo huu, unaongeza kiungo kingine cha deni. Mwenye mashine atakaa mjini; kijana atatembea nayo porini; kitakachopatikana kitagawanywa kwanza kwa mwenye mashine, halafu kwa chifu wa mahali, halafu kwa yule wa kizuizini, na kitakachobaki kitaangukia mizani ileile.

Sheria ipo. Kodi ya madini ya 2002, iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018, inasema mchimbaji mdogo awe Mkongomani mtu mzima, awe na karata yake, awe katika koperativi, na achimbe katika eneo lililotengwa kwa uchimbaji mdogo, shimo lisizidi mita thelathini. Inasema pia kwamba wafanyakazi wa serikali, mahakimu, wanajeshi na polisi hawaruhusiwi kuwa wachimbaji wala wanunuzi wadogo. Jimbo hili liliwekwa chini ya uongozi wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021. Je, si ingekuwa rahisi kwa wanaotoa amri kuanza na watu wao? Maeneo yaliyotengwa nayo mara nyingi yako mbali na dhahabu, kwa sababu penye dhahabu pana hati ya kampuni, hata kama kampuni yenyewe haijaonekana miaka kumi. Mchimbaji anaitwa mvamizi juu ya kilima alichozaliwa. Wabunge wetu wa Ituri wangelibeba hilo Kinshasa kabla ya lingine lolote.

Na kuna jambo la bei ndogo kabisa ambalo lingeanza hata wiki hii. Redio zetu zinatangaza bei ya mihogo na maharagwe. Zitangaze kila asubuhi, kwa Kiswahili, Kilendu, Kihema, Alur na Kilugbara, bei ya dunia ya gramu moja ya dhahabu, kisha bei inayolipwa Bunia, kisha inayolipwa Mongbwalu. Koperativi zinunue mizani moja ya elektroniki kwa kila senta, itunzwe na mtu wanayemwamini, na yeyote apime mali yake bure kabla ya kwenda kwa mnunuzi. Mizani ya namna hiyo ni dola makumi machache. Kwa pesa za mashine moja ya Australia unapata za kutosha Djugu nzima.

Kwa yule ambaye bado hajashawishika, na najua yupo, ninaomba jambo moja tu kabla hajauza kitu. Mwambie muuzaji mje naye mahali pa wazi pasipopigwa vita, kwenye udongo mwekundu wa hapahapa, si sakafuni mwa duka lake. Azike punje ya dhahabu ya nusu gramu kwenye kina cha urefu wa mkono wako, pembeni azike msumari, na mbali kidogo amwage unga wa dhahabu uliotoka kwenye karai. Afumbwe macho, azungushwe, kisha apewe fimbo yake atafute.